Huruma kama Msingi wa Maadili: Nadharia ya Schopenhauer

Huruma kama msingi wa maadili ni nadharia ya falsafa inayohusishwa hasa na Mjerumani Arthur Schopenhauer (1788–1860), ambaye alishikilia kwamba tendo la mtu huwa na thamani ya kimaadili pale tu linapotokana na kuguswa na taabu ya kiumbe mwingine, na kwamba tendo linalofanywa kwa kujitafutia heri, hata likileta manufaa makubwa kwa jamii, halistahili kuitwa jema. Nadharia hiyo imefafanuliwa kwa urefu katika insha yake kuhusu msingi wa maadili, aliyoiandika mwaka 1839, ingawa mizizi yake imo katika kitabu chake kikuu, Ulimwengu kama Utashi na Taswira, kilichotoka mwishoni mwa 1818. Inapingana na makundi mawili kwa wakati mmoja: wale wanaodai kwamba hakuna binadamu anayeweza kutenda ila kwa ajili ya nafsi yake, na wale wanaokubali kwamba wema upo lakini wakaujenga juu ya akili na wajibu badala ya moyo.

Kundi la kwanza ndilo la watetezi wa ubinafsi, neno ambalo katika falsafa hubeba madai mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Ubinafsi wa kisaikolojia ni dai kuhusu hali ilivyo, yaani kwamba kila tendo, hata sadaka, lina faida ya mtendaji ndani yake. Ubinafsi wa kimaadili ni dai kuhusu inavyopasa kuwa, yaani kwamba mtu anapaswa kuitanguliza faida yake. Anayehesabiwa kuwa kinara wa dai la kwanza ni Mwingereza Thomas Hobbes, mtunzi wa Leviathan (1651), na kisa kimoja kilichohifadhiwa na rafiki yake John Aubrey kinaonyesha jinsi hoja yenyewe inavyofanya kazi. Hobbes alimpa sadaka mzee maskini katika barabara ya Strand jijini London, na kasisi mmoja aliyekuwa karibu akamwuliza iwapo angetoa kama si kwa amri ya Kristo. Hobbes akajibu kuwa angetoa, kwa sababu hali ya yule mzee ilimtia uchungu, na sadaka ile, pamoja na kumpunguzia mzee shida, ilimpunguzia na yeye uchungu wake. Mwanzoni mwa karne ya 18 Bernard Mandeville, katika Hekaya ya Nyuki, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba maovu ya mtu mmoja mmoja, kama anasa na majivuno, ndiyo yanayoleta ustawi wa umma.

Jibu makini zaidi kwa Hobbes lilitolewa na Joseph Butler katika mahubiri aliyoyachapisha mwaka 1726. Butler alikubali kwamba kila tamaa ni ya yule aliye nayo, lakini akaonyesha kwamba mwenye tamaa na kitu kinachotamaniwa ni mambo mawili tofauti: mwenye njaa anataka chakula, na raha anayoipata humjia kwa kuwa alikitaka chakula hicho. Kwa mantiki hiyo, nafuu aliyoipata Hobbes pale Strand haithibitishi kwamba aliitafuta nafuu. Inathibitisha kwamba tayari alikuwa anajali hali ya yule mzee, kwani asiyejali hapati uchungu wa kuondolewa. Hoja hii si rahisi kuijibu, ingawa watu wanaorudia kauli kwamba kila mtu ni mbinafsi hawaonekani kuipunguza kasi yao.

Jean-Jacques Rousseau (1755) aliitaja huruma kuwa hisia ya asili inayotangulia fikra yoyote, nao David Hume na Adam Smith wakaifanya hisia ya kushirikiana na wenzetu kuwa kiini cha hukumu za maadili. Mwanafalsafa aliyeibadili mada hii kabisa, na ambaye Schopenhauer alimheshimu na kumshambulia kwa kiwango kilekile, ni Immanuel Kant, wa kundi la pili. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya metafizikia ya maadili, Kant alitoa mfano wa mtu mkarimu kwa tabia, anayefurahia kuwasaidia wengine: matendo yake yanapendeza, lakini hayana thamani ya kimaadili, kwa kuwa yanatokana na mwelekeo wa moyo tu. Siku mtu huyo atakapolemewa na huzuni zake mwenyewe kiasi cha kutoguswa tena na shida za wenzake, kisha akajikokota na kuwasaidia kwa sababu tu ni wajibu wake, ndipo tendo lake litakapokuwa na thamani hiyo kwa mara ya kwanza.

Kwa Schopenhauer, huku ni kugeuza mambo chini juu. Aliona kwamba amri isiyo na masharti, ile sheria ya akili ambayo Kant aliiweka kuwa msingi wa wajibu, haiwezi kueleweka bila mtoa amri anayeadhibu na kutuza, na kwamba Kant aliiazima kimyakimya kutoka katika mafundisho ya dini kisha akaigeuza dini kuwa matokeo ya maadili. Akamfananisha na mwanamume aliyekwenda kwenye dansi ya watu waliovaa vinyago, akambembeleza mrembo mmoja usiku kucha, na kinyago kilipovuliwa akamkuta ni mke wake. Kejeli hiyo ina chumvi nyingi, lakini swali lililo nyuma yake ni la haki: amri ya akili tupu inapata wapi nguvu ya kumzuia mtu mwenye njaa, hasira au wivu?

Insha yenyewe ilizaliwa katika mazingira ya mashindano. Mwaka 1839 Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Norwei ilimpa Schopenhauer medali kwa insha yake kuhusu uhuru wa utashi, naye, akiwa na matumaini makubwa, akapeleka insha ya maadili kwa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Denmark. Hakuna mwingine aliyeshindana naye, na hata hivyo, mwezi Januari 1840, alinyimwa tuzo. Majaji walisema hakujibu swali lililoulizwa, kwa kuwa uhusiano wa maadili na metafizikia aliuweka pembeni kama nyongeza, na tena walikerwa na jinsi alivyowataja bila adabu wanafalsafa mashuhuri wa zama zile, hasa Fichte na Hegel. Schopenhauer alizichapisha insha zote mbili katika kitabu kimoja chenye tarehe ya 1841, akaandika kwenye ukurasa wa jina kwamba ile ya pili haikupata tuzo ya jumuiya hiyo, na katika dibaji akawarudishia majaji wake matusi kwa riba.

Hoja kuu ya insha inaanza na swali la kawaida kabisa: ni nini kinachoweza kumsukuma binadamu kutenda? Schopenhauer anajibu kwamba misukumo ya msingi ni mitatu. Wa kwanza ni ubinafsi, unaotaka heri ya nafsi na hauna mpaka. Wa pili ni roho mbaya, inayotaka mwingine aumie hata kama mtendaji hapati chochote. Wa tatu ni huruma, inayotaka heri ya mwingine. Kuhusu nguvu ya ubinafsi hakuwa na haya: alipotafuta mfano wa kutia chumvi wa kuuonyesha ukubwa wake, aliandika kuwa wapo watu ambao wangeweza kumwua mwenzao ili tu wapate mafuta ya mwili wake ya kupakia viatu, kisha akaongeza kwamba hakuwa na hakika kama kweli ametia chumvi. Uadilifu wa kila siku, kwa maoni yake, kwa sehemu kubwa unategemea polisi na hofu ya kuvunjiwa heshima, na anayetaka kujua watu wangekuwaje bila vizuizi hivyo aangalie nchi ambamo serikali imeanguka.

Jambo la kushangaza, basi, ni kwamba pamoja na hayo yote matendo ya uungwana yapo. Huruma hujitokeza kwa ngazi mbili. Ya chini ni haki, ambapo taabu ninayokaribia kumsababishia mwingine inanizuia nisimdhuru. Ya juu ni upendo kwa watu, ambapo taabu iliyokwisha kumpata inanisukuma kumsaidia. Maadili yote mengine yanatoka katika hayo mawili. Ili kulithibitisha hilo, Schopenhauer anatunga jaribio la fikra lenye vijana wawili, Gaius na Titus, ambao kila mmoja anampenda msichana wake, anayeelekea kuolewa na mtu mwingine, na kila mmoja ameamua kumwua mshindani wake katika mazingira ambayo hakuna atakayewashuku. Dakika ya mwisho wote wawili wanaghairi. Gaius anaelezea sababu zake kwa kunukuu mifumo ya falsafa: huenda akasema kwamba kanuni ya tendo lake isingefaa kuwa sheria ya wote, au kwamba angekuwa amemtumia mwenzake kama chombo tu. Titus anasema kwamba alipoanza kufanya maandalizi, akalazimika kuacha kufikiria mapenzi yake na kumfikiria yule mtu mwenyewe, ndipo alipotambua litakalompata, akamwonea huruma, na mkono wake ukakataa. Schopenhauer anamwuliza msomaji ni yupi kati yao angependa kumkabidhi maisha yake, na ni wasomaji wachache ambao wangemchagua Gaius.

Matokeo mojawapo ya kuuweka msingi wa maadili katika kuguswa na maumivu badala ya akili ni kwamba wanyama wanaingia ndani ya duara la maadili moja kwa moja, kwa kuwa nao huumia. Kant alikuwa amefundisha kwamba ukatili kwa wanyama ni kosa kwa sababu humzoesha mtu ukatili kwa binadamu. Schopenhauer aliliita fundisho hilo la kuchukiza, na akazisifu jumuiya za Uingereza zilizoanzishwa kuwalinda wanyama dhidi ya mateso. Katika jambo hili alikuwa mbele ya wenzake wengi wa Ulaya, na alikiri kwamba fikra za Wahindu na Wabudha, alizozifahamu kwa sehemu kupitia tafsiri ya Kilatini ya Upanishadi iliyofanywa na Anquetil-Duperron, zilimtangulia.

Ugumu unaanza pale anapojaribu kueleza huruma inawezekanaje. Katika sehemu ya kati ya insha anamkosoa Mwitalia Ubaldo Cassina, aliyedai kwamba anayehurumia hujiona katika fikra zake kana kwamba yeye ndiye anayeumia. Sivyo, anasema Schopenhauer: wakati wote tunatambua kwamba anayeumia ni yule, si sisi, na maumivu tunayahisi katika nafsi yake, si katika yetu. Uchunguzi huu ni mzuri na unailinda huruma isigeuke kuwa aina ya kujihurumia. Lakini sehemu ya mwisho, ile iliyotakiwa na majaji wa Denmark, inafundisha kwamba utengano wa mtu na mtu ni wa maonekano tu, unaoletwa na mahali na wakati, ilhali katika uhalisi wa ndani viumbe vyote ni utashi mmoja. Mwenye huruma ndiye aliyelitambua hilo, hata kama hawezi kulieleza, na mbinafsi ndiye aliyedanganywa na pazia la maonekano. Ikiwa ndivyo, anayemsaidia mwingine hatimaye anajisaidia mwenyewe, na ubinafsi uliofukuzwa mlangoni unarudi kupitia dirishani. Wafuasi wake wamejaribu kusema kwamba utashi huo mmoja si nafsi ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna anayejipendelea, lakini kwa kufanya hivyo wanaondoa pia yule mwingine ambaye Titus alimwonea huruma. Inaelekea kwamba uchunguzi wa kisaikolojia wa Schopenhauer ni imara kuliko metafizikia aliyoijenga juu yake, na kwamba wa kwanza unaweza kusimama bila ya pili.

Aliamini pia kwamba tabia ya mtu ni ya kuzaliwa nayo na haibadiliki, hivyo falsafa ya maadili hueleza wema lakini haiwezi kuufundisha, na mtakatifu hahitaji kuwa mwanafalsafa kama vile mwanafalsafa halazimiki kuwa mtakatifu. Maisha yake yalitoa ushahidi wa kutosha kwa sehemu ya pili ya kauli hiyo: mwaka 1821, akiwa Berlin, alimsukuma mshonaji mmoja aliyekuwa akipiga soga nje ya chumba chake, na mahakama ikamwamuru amlipe thaler 60 kila mwaka kwa muda wote wa uhai wa mshonaji huyo. Kwa upande mwingine, sehemu kubwa ya mali yake aliiachia mfuko wa kuwasaidia askari wa Prussia waliopata ulemavu katika machafuko ya 1848 na familia za waliouawa, wasia ambao wapenda mapinduzi hawakuuona kuwa wa huruma hata kidogo.

Friedrich Nietzsche, aliyevikuta vitabu vya Schopenhauer akiwa mwanafunzi Leipzig mwaka 1865 na kuvutiwa navyo sana, aligeuka baadaye na kusema kwamba huruma huongeza mateso duniani badala ya kuyapunguza, na humdhalilisha anayehurumiwa. Max Scheler, mwanzoni mwa karne ya 20, alitofautisha kumwelewa mtu katika maumivu yake na kuambukizwa maumivu hayo, akaonya kwamba kufuta mpaka kati ya watu wawili ni kuifuta huruma yenyewe. Tangu miaka ya 1980 mjadala umeingia katika maabara za saikolojia. Daniel Batson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kansas waliwaonyesha wanafunzi, kupitia runinga, mwanamke waliyeambiwa anaitwa Elaine akionekana kupigwa na umeme katika jaribio, wakawapa nafasi ya kupokea mapigo yaliyobaki badala yake. Wale walioandaliwa kumwonea huruma walijitolea hata pale walipokuwa na ruhusa ya kuondoka mara moja na kuacha kutazama, jambo lisilotarajiwa ikiwa walichotafuta ni kujiondolea uchungu wao, kama alivyojieleza Hobbes. Robert Cialdini na wenzake walijibu mwaka 1997 kwamba mtu anayehurumia hujiona kuwa kitu kimoja na anayehurumiwa, kwa hiyo msaada wake si wa kujitolea kwa maana halisi. Batson naye, mwaka huohuo, akaleta majaribio yanayoonyesha kwamba huruma huchochea msaada bila mtu kujichanganya na mwenzake, akiwa upande wa Schopenhauer aliyemkosoa Cassina dhidi ya Schopenhauer wa sehemu ya mwisho.