Risasi na Madini Yake: Uwanja wa Vita wa Tanga, 1914

Neno risasi latoka katika Kiarabu, ambako ni jina la yale madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Kiswahili kililipokea pamoja na maana hiyo, kisha kikaliongezea ya pili: kile kirukacho kutoka mtutuni mwa bunduki. Zamani za gobori maana hizo mbili hazikugombana, kwa kuwa kilichoruka kilikuwa ni donge la madini yale yale, aghalabu limemiminwa katika kalibu na mwenye bunduki mwenyewe. Zilianza kuachana mwishoni mwa karne ya 19, na Tanga, mji ulioshambuliwa na jeshi la Waingereza na Wahindi mwanzoni mwa Novemba 1914, ni mahali pazuri pa kulionea jambo hilo.

Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa wangali na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, itumiayo baruti nyeusi, ambayo moshi wake ulimfichua mpigaji kila alipofyatua. Risasi yake ni risasi kwa maana zote mbili: madini matupu, yapata gramu 25, upana wa milimita 11. Ilizungushiwa karatasi ili madini yasigande mtutuni; karatasi hiyo hupasuka na kuanguka mara risasi itokapo, hata inayookotwa leo huwa tupu, imefunikwa na unga mweupe.

Baruti isiyo na moshi ilipokuja, mwendo ulizidi mno, na madini laini hayakuweza kuuhimili. Yakavikwa gamba gumu. Hapa ndipo mchunguzi hukosea, maana risasi ya Kijerumani ya mwaka 1888 na ile ya Kiingereza ya aina ya sita zote ni ndefu na zina ncha ya mviringo. Ya kwanza ina upana wa milimita 8.1 na uzito wa gramu 14.7, ya pili milimita 7.9 na gramu 13.9. Kwa kipande kilichopondeka tofauti hiyo ni ndogo mno kuaminiwa. Yafaa kutazama alama zilizoachwa na mifuo ya mtutu: bunduki ya Lee-Enfield ina mifuo mitano ipindayo kushoto, na Mauser ina minne ipindayo kulia. Sumaku nayo husaidia, kwa sababu gamba la Kijerumani ni chuma kilichopakwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, na la Kiingereza ni mchanganyiko huo pasipo chuma.

Ya ajabu kuliko zote ni ya Kiingereza ya aina ya saba, iliyokubaliwa mwaka 1910, yenye ncha kali na uzito wa gramu 11.3. Ikipasuliwa (iliyokwisha kupigwa, si ile iliyomo bado katika ganda lenye baruti!), sehemu ya mbele ndani ya gamba huonekana ni alumini, na nyuma yake tu ndipo yalipo madini ya risasi. Kwa kuwa uzito umerudi nyuma, risasi hiyo hupinduka ikipiga mwili, na jeraha huwa baya. Basi ncha ya risasi hii si risasi, na lugha haikuona haja ya kubadili jina.

Lakini kuitambua risasi si kumtambua aliyeipiga. Waingereza walipoondoka Tanga waliacha bunduki 455, pamoja na risasi zisizopungua nusu milioni. Tangu siku hizo risasi ya Kiingereza yaweza kuwa imepigwa na askari wa Lettow-Vorbeck, tena kwa bunduki ya Kiingereza, hata alama za mifuo mitano zisimsaidie mchunguzi. Tarehe 25 Novemba 1917 askari hao walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno ya Negomano, na hapo wakapata bunduki nyingine, zenye risasi nyembamba za milimita 6.5. Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile, walipoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, walikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.