Pandikizi si Mtu wa Siri

Deanna Troi anaamka kwenye chumba asichokijua, anajiangalia, na uso anaouona kwenye kioo si wake. Masikio yamechongoka, paji limeota matuta. Ametekwa, akapasuliwa uso, wala hakuulizwa kama anataka. Mara anaingia ofisa aitwaye N'Vek na kumpa habari kwa mkato: uko ndani ya Khazara, manowari ya Waromulani, kuanzia sasa wewe ni Meja Rakal wa Tal Shiar, idara ya usalama inayoogopwa na kila mtu humu ndani, ukikosea, tumekwisha. Hicho ni kisa cha "Face of the Enemy", sehemu ya tamthilia ya Star Trek: The Next Generation iliyorushwa Februari 1993; Waromulani humo ni maadui wa upande wa Troi. Kwa mtazamaji ni burudani ya jioni moja. Kwa mtu wa tafsiri ni mtihani, na swali la kwanza tu linatosha kumtoa jasho: Troi ni nani humo melini?

Kiingereza humwita mtu wa namna hii undercover, yaani aliye chini ya kifuniko. Magazeti yetu na manukuu ya filamu yamezoea kusema "mpelelezi wa siri". Nami nimeliandika mara nyingi, na kila mara limenikwama kooni. Troi hakujificha popote. Anakula meza moja na kamanda, anatoa amri, na maofisa wanamwepuka kwa hofu kwenye korido. Katika chombo kile hakuna anayetazamwa kuliko yeye. Mwili wake uko hadharani, na kilichositirika ni jibu la swali moja: huyu ni nani hasa?

Neno mpelelezi lenyewe limeshabebeshwa mizigo mingi. Watu kumi na wawili waliotumwa na Musa kuitazama Kanaani, katika Biblia ya Kiswahili ni wapelelezi. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, mpelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, na bastola yake, mpelelezi. Askari anayefungua jalada la wizi wa ng'ombe naye ni mpelelezi, na aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama Tanzania anajua wimbo wa "upelelezi haujakamilika" unavyoimbwa mwezi baada ya mwezi. Ukiongeza "wa siri" hujapunguza kitu, kwa sababu karibu kila upelelezi una siri yake. Jasusi, tuliyempokea kutoka Kiarabu, ana mipaka bora kidogo: huyu anatumikia dola nyingine, au angalau upande mwingine. Kachero ni wa polisi. Shushushu ni wa mtaani, yule anayekaa baa na soda moja kuanzia saa kumi hadi saa nne usiku, na kila mtu anamjua. Hakuna hata mmoja kati yao anayemweleza mtu aliyevaa maisha ya mtu mwingine.

Tofauti hiyo si ya wapenda kamusi peke yao. Sheria za vita zimeijua zamani. Kanuni za The Hague za 1907, katika kifungu cha 29, zinamtaja jasusi kuwa ni mtu anayekusanya habari katika eneo la adui kwa kificho au kwa kujisingizia, akiwa na nia ya kuzifikisha upande wa pili. Litazame hilo "au". Ni njia mbili. Mmoja amelala kichakani na darubini. Mwingine amesimama jikoni kwa adui akikoroga uji. Kifungu hichohicho kinaongeza kwamba askari asiyejibadili, aliyepenya hadi kwa adui kutafuta habari akiwa na sare yake, si jasusi. Ukisema "wa siri" umeichukua nusu ya kwanza ya kanuni na kuiacha ya pili, na hiyo ya pili ndiyo anayoisimamia Troi, akiwa na sare isiyo yake na jina lisilo lake.

Anayetaka kuziona nusu hizo mbili zikipishana miguu kwa miguu, aende kwenye daraja la Glienicke, mpakani mwa Berlin Magharibi na Potsdam, Februari 10, 1962. Upande mmoja wa ule mbadilishano alisimama Gary Powers, rubani wa ndege ya U-2 iliyodunguliwa juu ya ardhi ya Kisovieti Mei 1, 1960. Kazi yake ilikuwa ya siri hasa: aliruka juu sana ili asifikiwe. Hakwenda Urusi kujifanya Mrusi. Uongo uliosemwa ulisemwa na serikali yake, iliyodai kwamba ile ilikuwa ndege ya utafiti wa hali ya hewa iliyopotea njia. NASA hata ikawaonyesha waandishi wa habari U-2 iliyopakwa rangi zake. Upande wa pili alisimama mzee mwembamba aliyeitwa Rudolf Abel. Huyu alikuwa ameishi Brooklyn miaka kadhaa akijulikana kama Emil Goldfus, mchoraji na mpiga picha, akiongea na majirani, akiwatembelea wachoraji wenzake. Powers alihukumiwa miaka 10, Abel 30. Lugha inayowaita wote wawili "wapelelezi wa siri" imeshindwa kuona daraja lile lilikuwa na ncha mbili.

Neno ninalolitaka lipo tayari, wala halikutoka kwenye kamati. Liko shambani. Mpunga huoteshwa kwenye kitalu, miche ikishapata nguvu hung'olewa na kupandikizwa jaruba kwa jaruba. Kutoka shambani neno likaingia hospitali: Muhimbili walipoanza upandikizaji wa figo mwaka 2017, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Na kabla ya hapo lilishaingia kwenye siasa. Chama kikigombana chenyewe kwa chenyewe, atasimama mtu kwenye mkutano aseme kuna mapandikizi humu ndani, na ukumbi mzima utaanza kutazamana. Pandikizi: mtu aliyeota kwingine, akaletwa na mkono wa mwingine, akachomekwa hapa ili aonekane kana kwamba ameota hapahapa.

Linafaa kuliko mamluki, ambalo nalo limekuwa likitumika kwa watu hao. Mamluki ni wa kukodiwa. Anapigania fedha, na anaweza kuipigania mchana kweupe kwa jina lake mwenyewe. Pandikizi huenda hapati hata senti. Na umbo la neno linabeba jambo ambalo "kujifanya" halilibebi: kuna aliyepandikiza. Troi hakujipeleka Khazara. N'Vek na wenzake wanaoupinga utawala wa Waromulani ndio waliomchomeka pale, wapate kuvusha shehena ya masanduku ambayo ndani yake amelazwa M'ret, kiongozi mkubwa anayekimbia nchi yake, na wasaidizi wake wawili. Tena kama figo, pandikizi anaweza kukataliwa. Mwili hauhitaji ushahidi wa kimahakama kulikataa figo la mgeni. Unalionja tu, unalishuku, unaanza kulishambulia.

Najua pingamizi litakalokuja. Pandikizi la mtu ni jitu, pande la mtu linaloinama likipita mlangoni, na msomaji akikutana na "jasusi pandikizi" anaweza kucheka akidhani ametumwa mbabe wa miereka. Ni kweli, ila lile lina "la mtu" lake linalolifuata kama mkia. Huku tunasema pandikizi peke yake, au jasusi pandikizi, na sentensi inajieleza.

Jina likishapatikana, inabaki ile saa ambayo pandikizi linaonjwa. Kwa saa hiyo tunalo neno mahojiano, nalo lina kasoro ya kushangaza. Mwanamuziki kwenye redio yuko kwenye mahojiano, na kijana aliyeshikiliwa kituoni bila kuonana na ndugu zake naye yuko kwenye mahojiano. Kenya hata anayetafuta kazi huenda kwenye mahojiano. Tanzania tumemtenga kwa kumwita kwenye usaili. Zaidi ya hapo, ndani ya neno kuna "-ana", alama ya kutendeana. Kuhojiana ni kuulizana, wewe uniulize nami nikuulize. Aliyefungwa pingu hamuulizi mtu. Ndiyo maana katika tafsiri zangu napendelea kitenzi: alihojiwa, wakamhoji. Kitenzi kinaonyesha nani kashika taa na nani inammulika.

Lakini ndani ya Khazara neno mahojiano, kwa mara moja, linakaa sawasawa. Kamanda Toreth anaichukia Tal Shiar: baba yake, mzee aliyesema alichokiamini, alikokotwa na watu wa idara hiyo usiku. Anamwonyesha meja chuki hiyo waziwazi, mbele ya maofisa wakiwa mezani, na kila anachokisema ni chambo. Troi, kwa cheo alichovikwa, ndiye mwenye mamlaka ya kumhoji kamanda, na anaitumia mamlaka hiyo kama ngao. Akisita tu, amekwisha. Anayehoji anahojiwa. Watu wa pwani wana neno zuri la mchezo huo: kuchimbana. Hakuna taa ya kumulika macho, hakuna kamba. Kuna chakula, na mtu anayekuchimba polepole huku anatabasamu.

Mateka wa kawaida hana shida hiyo. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 17, unamtaka askari aliyetekwa aseme mambo manne: jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Akishasema hayo anaweza kufunga mdomo, na ni marufuku kumtesa ili aufungue. Mambo hayo manne ni ukuta wake. Kwa pandikizi, ni hayohayo manne yanayomwua. Jina si lake, cheo si chake, siku ya kuzaliwa amekaririshwa. Askari anaanza kuwa salama pale pandikizi anapoanza kuzama.

Majasusi wa Kirusi wana neno lao la maisha hayo ya kukaririshwa, legenda, na wa Magharibi wamelichukua. Tukilifanya "hekaya" tutakuwa tumelipeleka kwa Abunuwasi. Mimi ningesema nasaba ya kubuni. Kwetu mgeni haulizwi kwanza anafanya kazi gani. Anaulizwa kwao wapi, mtoto wa nani, ukoo upi, na akitaja kijiji, mwenyeji anauliza nyumba ya fulani iko upande gani wa msikiti. Bibi yeyote wa mtaani anaweza kulichana vazi la pandikizi kabla chai haijapoa, kwa sababu anachokitafuta si kosa la mtu bali watu wake.

Neno likipatikana lijaribiwe kwenye mipaka yake. Septemba 27, 1968 ilirushwa "The Enterprise Incident", kisa cha Star Trek ya mwanzo kilichoandikwa na D. C. Fontana. Kapteni Kirk na Spock wanaingia eneo la Waromulani kwa nia ya kuiba mtambo unaofanya manowari isionekane. Spock anapanda chombo cha adui kwa jina lake, kwa masikio yake, kwa sare yake, na mbele ya kamanda wa kike anajidai anamsaliti mkuu wake. Kirk anarudi humo baadaye akiwa amepasuliwa masikio na kuvaa mavazi ya Kiromulani. Kirk ni pandikizi bila ubishi. Spock siye: nasaba yake ni ya kweli tupu, uongo uko kwenye nia. Huyo ningemwita mlaghai na nisione haya.

Fontana alikichota kisa hicho kwenye habari za mwaka uleule. Januari 23, 1968 Korea Kaskazini iliikamata Pueblo, meli ya jeshi la majini la Marekani iliyokuwa ikinasa mawasiliano. Mmoja akauawa na 82 wakashikiliwa miezi kumi na moja, wakihojiwa na kupigwa hadi kapteni wao, Lloyd Bucher, akatia saini maungamo. Kisa cha Spock kilipoonyeshwa, walikuwa bado ndani. Meli ya kijasusi, sawa. Lakini wale walikuwa mabaharia kwenye chombo cha jeshi lao, na hakuna kati yao aliyejifanya Mkorea. Hao si mapandikizi. Walipopangwa wapigwe picha za kuonyesha wanavyotunzwa vizuri, walinyoosha kidole cha kati na kuwaambia walinzi kwamba ni ishara ya bahati njema ya Hawaii. Kwa muda tafsiri hiyo ilikubaliwa. Jarida moja la Marekani likaja kuwaeleza wasomaji wake maana halisi, habari ikafika Korea, na kipigo kikafuata.

Kuhusu chombo kama Khazara sina maneno mengi. "Chombo cha anga" kinatosha kwa satelaiti na kwa kidude kinachopeleka wanaanga, lakini kikibeba silaha na kamanda kiitwe manowari ya anga. Manowari ni neno tulilolisikia midomoni mwa mabaharia wa Kiingereza, man-o'-war, tukalivalisha irabu mpaka likasahau kwao. Leo hakuna anayeliuliza nasaba.

Yule Abel wa daraja la Glienicke, alipokamatwa New York mwaka 1957, alilivua jina la Goldfus na kutoa hilo la Rudolf Abel, na waliomhoji wakaona wamefika kwenye ngozi. Abel lilikuwa jina la rafiki yake aliyekwisha kufa. Yeye alikuwa William Fisher, mzaliwa wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka 1903, mtoto wa wanamapinduzi waliokimbia Urusi. Alihukumiwa kama Abel, akafungwa kama Abel, akavuka daraja kama Abel. Alifariki mwaka 1971 na kuzikwa Moscow, na jiwe la kaburi lake lina majina yote mawili.