Vita vya Vietnam Katika Picha Tatu za Rambo

Taifa lililoshinda vita husimulia ushindi wake likaridhika. Taifa lililoshindwa halina raha hiyo; husimulia tena na tena, na kila lirudiapo hubadili neno hapa na tendo pale, mpaka kisa kikubalike moyoni. Marekani ilitia sahihi mapatano ya Paris tarehe 27 Januari 1973, ikaondoa majeshi yake Vietnam, na tarehe 30 Aprili 1975 mji wa Saigon ukaanguka. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa. Kwa upande wa Wavietnam, serikali yao ilitangaza mwaka 1995 kuwa waliokufa wakaribia milioni 3 au kupita, na wengi wao walikuwa raia wasioshika silaha. Msiba wa namna hiyo hauishi siku mapatano yanapotiwa sahihi.

Insha hii yachunguza sehemu ndogo ya masimulizi ya vita hivyo: picha tatu za sinema zilizotolewa miaka ya 1982, 1985 na 1988, zote zikimhusu askari wa kubuni aitwaye John Rambo, ambaye Sylvester Stallone alimwigiza. Picha ya kwanza ni kilio cha mtu aliyevunjika. Ya tatu ni tamasha la moto na milipuko. Yafaa tujiulize ilikuwaje kilio kikageuka tamasha katika muda wa miaka sita tu, na ni kitu gani kilichopotea njiani.

Asili ya kisa ni riwaya ya David Morrell, First Blood, iliyochapishwa mwaka 1972, vita vingali vikiendelea. Ndani yake askari aliyerudi kutoka Vietnam apita katika mji mdogo, mkuu wa polisi amfukuza kwa sababu ya nywele zake na mavazi yake, na ugomvi mdogo wa kiburi wakua hata ukawa vita kamili. Watu wengi hufa katika riwaya hiyo, na mwishoni askari mwenyewe hufa pia, pamoja na adui yake. Mwandishi hakumpa hata mmoja wao ushindi. Maana yake ilikuwa wazi: nchi iliyopeleka vita ng'ambo imeletewa vita nyumbani, na hapana awezaye kujidai kuwa hana damu mikononi.

Picha ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff na kupigwa katika mji wa Hope, Kanada, ilipunguza ukali huo. Katika picha nzima mtu mmoja tu ndiye afaye, naye ni polisi aangukaye kutoka katika helikopta. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba picha hii yakaribia ukweli wa vita kuliko zile mbili zilizoifuata. Kauli hiyo yahitaji kuthibitishwa, kwa kuwa watu aghalabu hudhani kwamba uhalisi wa kijeshi ni kuonyesha bunduki ya namna iliyotumika kweli, vifungo vya sare mahali pake, na maiti nyingi. Kama kipimo ni hicho, picha yenye maiti mmoja ingekuwa ya mwisho katika hesabu.

Tutazame basi mambo matatu: mwili, silaha, na kifo.

Kwanza, mwili. Katika picha ya 1982 Rambo akimbilia mwituni katika mvua na baridi, ajifunika kipande cha turubai alichookota, na ajishona mwenyewe jeraha la mkono kwa sindano na uzi, huku akiuma meno. Mtazamaji huona kwamba ngozi ya mtu huyu hupasuka na kwamba damu yake ina mwisho. Katika picha ya 1988 shujaa huyuhuyu achomwa ubavuni, amimina baruti katika kidonda, aiwasha moto, kisha aendelea na mapigano kana kwamba aliyeumia ni mtu mwingine. Maumivu yamekuwa pambo. Mwili usiochoka wala kuoza jeraha hauwezi kutufundisha lolote juu ya vita, kwa sababu vita, kabla ya kuwa jambo la siasa au la ushujaa, ni jambo linalotendewa miili.

Pili, silaha. Bunduki ya rashasha iitwayo M60, ambayo sasa ni kama sehemu ya sura ya Rambo, ilikuwa silaha halisi ya jeshi la Marekani huko Vietnam. Ilikuwa na uzito wa kilo 10.5 hivi bila risasi, na iliweza kutoa risasi kama 550 kwa dakika. Mkanda wa risasi 100 hauwezi kutosha hata sekunde 12 kwa mwendo huo, na mwenye kutaka kufyatua dakika moja tu mfululizo angepaswa kubeba risasi zenye uzito wa zaidi ya kilo 15. Mtutu nao hushika moto, ukahitaji kubadilishwa. Ndiyo maana jeshi halikumwachia mtu mmoja kazi hiyo: alikuwapo mpigaji, msaidizi wake, na mchukuzi wa risasi. Katika picha ya 1985, shujaa aishika kwa mkono kifua wazi, akapiga pasipo kuhesabu. Lililofutwa hapo ni kubwa kuliko kanuni ya ufundi, maana wamefutwa wale watu wawili wengine. Jeshi limefutwa, na vita vimekuwa kazi ya mtu mmoja.

Tatu, kifo. Polisi yule aangukaye katika picha ya kwanza ana jina, na ana rafiki. Mkuu wa polisi amwinamia, amlilia, na tangu hapo kila tendo lake latokana na msiba huo. Kifo kimoja chabadili mwendo wa kisa kizima. Katika picha ya pili Wavietnam na Warusi waanguka kwa makumi, wala hapana awainamiaye. Anayezikwa ni mmoja tu, Co Bao, binti wa Kivietnam aliyekuwa kiongozi wa njia wa Rambo, naye azikwa kwa kuwa alikuwa upande wa shujaa. Riwaya ya Morrell ilikuwa na maiti wengi, na bado ilikuwa na uzito. Kwa hiyo idadi si kipimo. Kipimo ni kama kifo kina mwenyewe, yaani kama yupo ndani ya kisa mtu wa kubaki na hasara yake.

Picha ya kwanza ilitoka wakati ambao Wamarekani walikuwa wameanza kuwatazama upya askari wao. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa nchi hiyo waliandika rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ule ugonjwa wa nafsi uwapatao watu waliopitia mambo ya kutisha. Mwezi Novemba 1982, wiki chache baada ya picha hiyo kutoka, ulizinduliwa mjini Washington ukuta mweusi wa kumbukumbu aliouchora Maya Lin, umeandikwa majina ya waliokufa. Katika kisa, Rambo ameutembea mwendo mrefu kumtafuta rafiki wa jeshini, akaambiwa amekufa kwa saratani iliyotokana na sumu ya kuulia majani ambayo ndege za Marekani zilinyunyiza misituni. Jambo hilo halikuwa ndoto ya mtunzi. Mwaka 1984 makampuni yaliyotengeneza sumu hizo yalikubali kulipa dola milioni 180 ili kumaliza kesi ya askari waliodai kudhuriwa. Wavietnam walionyunyiziwa hawakuwamo katika malipo hayo. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani amepoa. Na picha ya 1982, kwa kasoro zake zote, ni picha ya kovu.

Lakini mbegu ya yote yaliyofuata ilikuwa ndani ya picha hiyohiyo. Waliipiga miishio miwili. Katika mmoja Rambo alikufa, kama katika riwaya. Watazamaji wa majaribio wakachukia, na watengenezaji wakachagua mwisho ambao alibaki hai, akilia mbele ya kanali wake, kisha akatolewa nje kama mfungwa. Mtu aliyekufa hawezi kuitwa tena kazini. Aliyebaki hai huweza, na biashara ya sinema haikuchelewa kumwita.

Picha ya pili iliongozwa na George P. Cosmatos, na Stallone na James Cameron ndio waliotajwa kuwa waandishi. Ndani yake Rambo atolewa gerezani apelekwe Vietnam kuwatafuta mateka wa Kimarekani waliosahauliwa. Nasi yatupasa tuwe waangalifu hapa, maana kisa hiki kiligusa huzuni ya kweli. Mwaka 1973 mateka 591 walirudishwa makwao, lakini zaidi ya Wamarekani 2,000 hawakujulikana walipo. Wazazi na wake wa watu hao walikaa wakingoja, hawana kaburi la kulilia wala barua ya kufarijia. Kamati ya bunge ilichunguza ikamaliza mwaka 1976, ikasema hapana mateka aliyebaki hai. Kamati ya baraza la Seneti, chini ya John Kerry, ilitoa taarifa mwaka 1993, ikaeleza kuwa hapakuwa na ushahidi wa nguvu wa kuthibitisha kwamba yuko Mmarekani aliyeshikwa hai huko. Baina ya kamati hizo mbili ilikuja picha iliyowaonyesha mateka hao wakiwa hai, wamekondeana vizimbani, na ikaweka lawama juu ya mwandishi wa ofisini asiyetaka waonekane. Mama aliyekuwa akingoja mwanawe tangu mwaka 1970 aliketi katika kiti kilekile na kijana aliyekwenda kutazama milipuko. Kwa kijana ilikuwa burudani ya saa moja na nusu. Mama aliuziwa tumaini.

Picha hiyo ilipata karibu dola milioni 300 ulimwenguni. Jambo la kustaajabisha kwa mwanahistoria ni jinsi ilivyogeuza nafasi za wapiganaji. Ndege za Marekani ziliangusha zaidi ya tani milioni 7 za mabomu juu ya Vietnam, Laos na Kambodia, kupita mabomu yote ya Washirika katika Vita Kuu ya Pili. Mwenye mitambo alikuwa Marekani. Mwenye mitego ya miti, subira na giza la msitu alikuwa Mvietnam. Katika picha ya 1985, Mmarekani ndiye ajifichaye katika tope akiwa na upinde, na adui ndiye mwenye helikopta. Aliyeshindwa amevaa ngozi ya aliyemshinda, ndipo akashinda. Mwezi Juni mwaka huohuo, mateka wa ndege iliyotekwa na kupelekwa Beirut walipofunguliwa, Rais Reagan alitania kwamba ameitazama Rambo na sasa ajua la kufanya siku nyingine. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wa mtu mwenye majeshi.

Picha ya tatu ilimpeleka shujaa Afghanistan kupigana na Warusi. Iligharimu karibu dola milioni 60, miongoni mwa picha ghali kupita zote za wakati wake. Ikatoka Marekani tarehe 25 Mei 1988. Warusi walikuwa wameanza kuondoka tarehe 15 mwezi huohuo. Vita vilivyoua Waafghani wanaokadiriwa kufika milioni moja, na kuwafukuza mamilioni hadi Pakistan na Iran, vilifanywa uwanja wa farasi na vifaru vikikimbiliana. Huko Marekani mapato yalishuka hata karibu theluthi ya yale ya picha ya pili. Tamasha lina deni lisilolipika, kwani kila mara lazima lizidi lile lililopita, na macho yaliyozoea mlipuko mkubwa hayashtushwi na mlipuko mkubwa zaidi.

Hata huku kwetu jina hilo lilifika. Mfuko wa plastiki wa sokoni uliitwa rambo katika Tanzania, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hilo laweza kuchekesha. Lisilochekesha ni habari za Sierra Leone, ambako vita vilianza mwaka 1991. Mtaalamu Paul Richards, katika kitabu chake cha mwaka 1996, alieleza jinsi vijana wapiganaji walivyoipenda hasa ile picha ya kwanza. Walimwona kijana aliyefukuzwa mjini na wenye mamlaka, akaingia msituni na akili yake tu. Waliokuwa karibu zaidi na vita vya kweli waliona katika picha hiyo hali yao wenyewe, ya kufukuzwa na kudharauliwa.

Katika picha ya 1982 mna tendo fupi ambalo wengi hulisahau. Askari wa akiba wafyatua roketi kwenye mdomo wa mgodi, wadhani wamemwua Rambo, kisha wajipanga mbele ya kifusi wapigwe picha, wakicheka. Mkuu wa polisi awatazama bila furaha. Watengenezaji walijua basi, mwaka ule, tofauti ya vita na picha ya vita. Walijua pia ni upande gani wenye aibu. Picha mbili zilizofuata zilikwenda kusimama pamoja na wale waliokuwa wakipigwa picha.

Kwa mwanafunzi wa historia, picha za namna hii hazifai kutupwa wala kuaminiwa. Hazitufundishi yaliyotokea Vietnam mwaka 1968, ila zatufundisha sana yale ambayo Wamarekani walitamani mwaka 1985 yawe yametokea. Mwenye kuzisoma na aulize maswali yaleyale matatu: mwili unachoka? silaha ina uzito? aliyekufa ana wa kumlilia? Panapokosekana jibu, ajue kwamba hapo pana watu walioondolewa katika hesabu, na kazi yake ni kwenda kuwatafuta katika kumbukumbu nyingine.