MAMA NA HISTORIA, SEHEMU YA 6: Siri iliyokaa ndani ya albamu ya "Blue"

Mtoto akishalala, isome hii taratibu.

Leo tunakwenda Kanada. Joni Mitchell alizaliwa Alberta mwaka 1943. Ni mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe, gitaa anapiga, piano anapiga. Akiwa na miaka 9 aliugua polio akalazwa. Chanjo ilikuwa bado, ilianza kutumika 1955. (Wewe unayeahirisha yale matone, nimekuona.) Alipona, ila mkono wa kushoto ulibaki dhaifu, ndiyo maana akabuni namna zake za kukaza na kulegeza nyuzi za gitaa ili vidole visihangaike.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1964 alipata mimba, mwanafunzi wa sanaa, hajaolewa. Jamani, msidhani ni huku kwetu tu binti anafichwa. Kanada ya wakati ule kuuza dawa za uzazi wa mpango lilikuwa kosa la jinai hadi 1969. Binti akipata mimba nje ya ndoa, ukoo mzima umeaibika. Wengi walipelekwa kwenye nyumba maalumu mbali na kwao, wajifungue kimya, wasaini, warudi kama hakuna kilichotokea. Kamati ya Seneti ya Kanada ilikuja kulichunguza jambo hili na kutoa ripoti mwaka 2018: kati ya 1945 na 1971, watoto karibu 600,000 walizaliwa na mama wasioolewa, na mama wengi walishinikizwa kuwatoa.

Joni alijifungua mtoto wa kike Toronto, Februari 1965. Alikuwa na miaka 21. Baba wa mtoto alishaondoka, wazazi wake Joni hawajui lolote, hela hakuna. Mtoto akawekwa kwa walezi wa muda. Mama akahangaika, akaolewa mwaka huohuo na mwanamume mwingine, na bado mtoto akaishia kuasiliwa na familia nyingine.

Mimi nipo wodi ya wazazi. Mama aliyeondoka bila mtoto, kwa sababu yoyote ile, maziwa yanamjaa vilevile siku ya pili, ya tatu. Zamani walikuwa wanayafunga matiti kwa vitambaa na kumwambia atasahau. Hasahau.

Juni 1971 ikatoka Blue. Nyimbo 10, vyombo vichache mno. Wimbo wenye jina la albamu ni sauti yake na piano tu. River nao ni hivyohivyo: piano inaanza na ule muziki wa Krismasi wa kuchangamka, halafu unageuka huzuni mkononi mwake. Watu wakasema ni albamu ya mapenzi yaliyovunjika, na kweli yamo mengi. Lakini katikati yake kuna Little Green, wa gitaa, aliotunga miaka kadhaa nyuma kwa ajili ya yule mtoto. Yaani alikiweka kidonda chake hadharani, kikauzwa madukani, na walionunua hawakujua ni nini. Mwandishi wa jarida la Rolling Stone alilalamika kwamba wimbo huo haueleweki!

Siri ilitoka 1993, baada ya mtu aliyemfahamu tangu chuoni kuiuza kwa gazeti la udaku. Hilo linaniuma mpaka leo. Ila huku nako binti alikuwa anamtafuta mama yake mzazi. Walikutana 1997, miaka 32 imepita, na binti mwenyewe ana mtoto.

Baadaye Joni alisema kipawa chake cha kutunga kilitokana na kumpoteza mwanawe, na aliporudi, kipawa nacho kikaondoka. Baada ya albamu ya 1998 alikaa hadi 2007 ndipo akatoa nyingine ya nyimbo mpya, Shine.

Kama una la kwako la namna hii, hata kama ni la miaka 20 iliyopita, inboksi iko wazi. Najibu nikitoka zamu ya usiku.