Mume kwa Ushahidi wa Majirani

Mwezi Juni 2011, Jaji J. B. Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa alitoa uamuzi katika shauri la mirathi. Bibi mmoja wa Kinandi alikuwa amefariki dunia bila kuacha wosia, na mwanamke mwenzake akaja mahakamani kudai usimamizi wa mali kwa hoja kwamba yeye ndiye mjane, aliyeolewa na marehemu kwa mila ya kwao. Waliompinga walishindwa. Uamuzi huo nauhesabu miongoni mwa hati muhimu za historia ya jamii katika mji huu. Mahakama ya kisasa, mbele ya bahari ya Hindi, ilikiri kwamba mtu aliyezaliwa na kulelewa kike aliweza, umri ukiwa umeshasonga, kushika nafasi ya mume, na kwamba kilichompa nafasi hiyo ni watu waliolishuhudia jambo hilo. Siku hizi tunaambiwa kubadili jinsia katika utu uzima ni jambo la faragha, na kwamba macho ya umma ni mzigo unaoongezwa juu yake. Historia yetu inaonyesha vingine: zamani macho ya umma ndiyo yaliyoyafanya mabadiliko yawe kweli.

Bombolulu ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili. Mtaa huu ulio kando ya barabara ya Malindi, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni wa watu waliokuja. Jirani yake ni Freretown, makao ambayo wamisionari wa Kianglikana waliwaanzishia watumwa walioachwa huru mwaka 1875. Wengi wao waliwahi kuwa mali ya mtu, na hapo wakaishi kama watu huru, tena mbele ya halaiki. Daraja la kuelea la mwaka 1931, kisha daraja la sasa lililofunguliwa mwaka 1980, yaliivuta Mombasa kuelekea kaskazini, na watu wa bara wakamiminika kutafuta kazi na vyumba vya kupanga. Hawakuja mikono mitupu. Wakamba walikuja na mila ya iweto, ambapo mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine ili nyumba isizimike. Wanandi nao wana mila inayokaribia hiyo, na ndiyo iliyofika kwa Jaji Ojwang. Mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, naye hana mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe, huoa, humchagua mwanamume wa kuzaa na mkewe, na watoto humwita baba. Hatakiwi tena kulala na mwanamume. Tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa mume, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofanywa kwa siri.

Mwenye kupinga atasema, na ana haki, kwamba hapo hapana mtu aliyebadili jinsia. Hapo pana ng'ombe na shamba vinavyotafutiwa mrithi. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler, aliyefanya utafiti wake kwa Wanandi katika miaka ya 1970, aliliuliza swali hilo hilo katika makala yake ya mwaka 1980: je, mume wa kike ni mwanamume? Aliona kwamba watu husisitiza kwa maneno kwamba huyu amekuwa mwanamume kabisa, lakini uanaume wake huonekana hasa panapohusika mali, urithi na ndoa. Penginepo huendelea kuishi kama wanawake wenzake. Nalikubali hilo lote. Sidai kwamba bibi wa Kinandi na kijana wa leo anayetafuta matibabu ya homoni wana jambo moja moyoni. Ninachodai ni kwamba jamii hizi zilikuwa na njia ya wazi ya kusema kwamba tangu leo fulani ahesabiwe mume, na majirani wakashika neno lao hata pale walipojua vyema mwili wake ulivyo.

Pwani nako kulikuwa na njia yake, yenye kingo zisizonyooka. Mtafiti Oskar Baumann alichapisha mwaka 1899 maelezo ya watu wa Unguja, miongoni mwao wanaume walioishi kwa mavazi na kazi za kike, na hilo peke yake linatosha kumjibu anayesema mambo haya yaliletwa juzi na wafadhili. Mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika mwaka 1977 juu ya Sohar, Oman, nchi ambayo Mombasa imefungamana nayo tangu Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698. Alieleza kuhusu wanaume waliohesabiwa upande wa wanawake kwa miaka, kisha baadhi yao wakaoa, na baada ya ithibati ya usiku wa harusi wakahesabiwa wanaume tena. Gill Shepherd, mwanaanthropolojia aliyeijua Mombasa kwa karibu, alimpinga mwaka uliofuata: kwa maoni yake mashoga wa hapa walibaki wanaume machoni pa watu, na hali yao ilitokana na unyonge wa kipato na cheo kuliko jinsia. Naona Shepherd ameshinda kuhusu Mombasa. Hata hivyo ushindi wake haubomoi hoja yangu, kwani wote wawili wanaeleza watu waliojulikana kwa majina mitaani, wakaalikwa harusini, wakavumiliwa. Kuvumiliwa si kuheshimiwa, na wengi walilipa kwa kudharauliwa maisha yao yote.

Pingamizi zito zaidi liko kwenye barabara hiyo hiyo ya Malindi. Februari 2010, uvumi kwamba wanaume wawili wangefunga ndoa uliwatoa watu majumbani Mtwapa, wakaizunguka kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, na waliotuhumiwa wakapigwa. Miezi kumi na sita tu kabla ya hukumu ya Ojwang, umma ulikuwa kitisho cha mauti. Tofauti naiona hapa: wale mashahidi wa mila waliitwa, wakaelezwa jambo, wakala chakula, wakawajibika kwa walichokishuhudia. Umati wa Mtwapa haukuitwa na yeyote wala haukushuhudia chochote.

Nafasi ya mashahidi wa mila ilichukuliwa na karatasi. Kipande cha kikoloni, kilichoanza kutumika mnamo 1920, kilibebeshwa wanaume wa Kiafrika peke yao, na wanawake waliingizwa katika vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Baada ya hapo mtu akawa kile ambacho afisa ameandika. Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia baada ya kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001, alilazimika kwenda Mahakama Kuu, mbele ya kamera za taifa zima, hadi Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alipoliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya kisicho na alama ya jinsia. Jina lenyewe hubadilishwa kwa hati ya kubadili jina (deed poll) na kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali ili kila mwananchi asome, kwa hiyo dola bado inajua thamani ya kutangaza. Kuhusu jinsia haijaweka meza wala mashahidi, na mkazi wa Bombolulu mwenye miaka hamsini anayetaka kuandikwa upya hana mlango wa kubisha ila wa hakimu.