Nani Amfundishe Mwenziwe? Programu za Kikokotoo na Ufundishaji wa Kanuni za Fizikia, 1964–1975

Historia ya kutumia programu fupi kufundishia kanuni za msingi za fizikia haikuanzia kwenye kikokotoo cha mfukoni. Mizizi yake imo katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, ambako John Kemeny na Thomas Kurtz waliasisi lugha ya BASIC mwaka 1964 ili hata wanafunzi wasio wa sayansi waweze kuandika programu wenyewe. Mwaka 1972 Arthur Luehrmann, mwanafizikia wa chuo hicho, aliuliza iwapo kompyuta imfundishe mwanafunzi au mwanafunzi aifundishe kompyuta. Yeye aliegemea upande wa pili.

Mwaka huohuo kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa kikokotoo cha HP-35 kwa dola 395. Kilikokotoa sini na logi, lakini hakikupokea programu. HP-65 ya mwaka 1974 ilipokea programu ya hatua 100 na kuihifadhi katika kadi ndogo ya sumaku. Hata hivyo, bei yake ilikuwa dola 795. HP-25 ya mwaka 1975 iliuzwa kwa dola 195. Ilikuwa na hatua 49 tu, na programu ilifutika kila kikokotoo kilipozimwa.

Tofauti hii ya kiufundi ina uzito wa kielimu. Kadi ilimwezesha mtumiaji kuendesha programu iliyotungwa na mtu mwingine: aliingiza namba, akapokea jibu, bila kulazimika kuielewa kanuni. Kikokotoo kisicho na kadi kilimlazimu kuiingiza upya, hatua kwa hatua. Upungufu wa kifaa, kwa maana hiyo, ungeweza kuwa faida kwa mwanafunzi.

Mfano wa jiwe linaloanguka kwa sekunde 2 kutoka hali ya utulivu unabainisha hoja hii. Kwa mchapuko wa 9.8 m/s², kanuni s = ½gt² hutoa mita 19.6, na kazi huishia hapo. Programu inayojumlisha umbali kidogo kidogo, kwa kutumia mwendokasi wa mwanzo wa kila kipindi, hutoa mita 14.7 kwa vipindi vya sekunde 0.5, na mita 18.62 kwa vipindi vya sekunde 0.1. Kosa hupungua kadiri vipindi vinavyofupishwa, na mwanafunzi huona kanuni inakotoka. Richard Feynman alionyesha njia ya jamii hiyo kwa majedwali katika mihadhara yake ya Caltech ya miaka ya 1961–1963, kabla ya vikokotoo hivyo kuwapo.

Kwa hiyo, dai kwamba kikokotoo kilidumaza fikra halitoshelezi, wala dai kwamba kiliziamsha. Chombo kilikuwa kilekile. Matokeo yalitegemea nani aliyeitunga programu. Swali la Luehrmann lingali hai popote kanuni inapofichwa nyuma ya kitufe.