Holotaipu, au kishikajina?

Ukigeuza mawe katika kijito chenye maji ya kasi na baridi kwenye milima kama Uluguru, unaweza kukuta tunutu bapa aliyekumbatia jiwe, ana mikia miwili na matamvua kama nyuzi ubavuni mwa kifua. Huyo ni nzi-mawe, wa oda ya Plekoptera. Jina lisikudanganye: nzi wa kweli ana mabawa mawili, huyu akikomaa ana manne.

Nzi-mawe wa mito ya Afrika Mashariki ni wa jenasi Neoperla. Mwaka 1839 Mwingereza Edward Newman alimpa mmoja wa Afrika jina la Perla spio. Wataalamu wa Ulaya wakaongeza majina mengine, mpaka H. B. N. Hynes alipoyakunja mwaka 1952 chini ya spishi moja yenye sura nyingi, Neoperla spio. Bara zima likabaki hivyo kwa miongo mingi. Kisha viungo vya uzazi vya madume vikachunguzwa upya, mayai yakatazamwa kwa hadubini ya elektroni, DNA ikasomwa, na ikadhihirika kwamba chini ya jina hilo moja walikuwa wamejificha wengi. Mapitio makubwa ya Peter Zwick na Andreas Zwick yalitoka mwaka 2023.

Sasa, spishi moja ikivunjwa kuwa nyingi, ipi inabaki na jina la spio? Si iliyoenea zaidi, wala si inayojulikana zaidi. Ni ile ambayo mdudu aliyepewa jina na Newman ni wa ukoo wake. Majina yaliyokunjwa nayo hupimwa vivyo hivyo: kila moja hurudi kwa mdudu wake, na spishi isiyo na jina la zamani ndiyo huandikwa kuwa mpya. Mdudu mmoja anayeteuliwa na mwandishi wa spishi mpya kushikilia jina lake, wataalamu humwita holotaipu.

Tumfasirije? Wengi wangesema “mfano” au “kielelezo”, na hapo ndipo tunapopotea. Mfano hudai kuwakilisha wenzake, lakini holotaipu hadaiwi hivyo. Anaweza kuwa mdogo kuliko kawaida, amevunjika mguu, rangi imekwisha kwa kukaa ndani ya spiriti. Jina bado ni lake. “Aina” nayo haifai, kwa kuwa watu wengi huitumia kwa maana ya spishi. Mimi napendekeza “kishikajina”, kwa mfumo uleule uliotupa kipimajoto na kifunguakinywa. Faida yake huonekana kwa ndugu zake: kikipotea au kuharibika na pakawa na haja, huteuliwa kishikajina mbadala; vikiwa kadhaa tangu mwanzo, kimoja huchaguliwa baadaye kuwa kishikajina teule. Parataipu, yaani wadudu wengine waliotajwa pamoja na holotaipu, hawashiki jina, basi wabaki “sampuli andamizi”. Anayependa kusema holotaipu aseme, mradi asikiite mfano.

Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne, lililoanza kutumika Januari 1, 2000, haikubali jina jipya la spishi bila kishikajina kilichotajwa waziwazi, na humtaka mwandishi aseme kitahifadhiwa katika mkusanyo gani, na uko wapi. Sharti hilo la mahali si dogo. Vishikajina vingi vya wadudu wetu viko London, Berlin na Tervuren. Sisi tunaokaa Stanmore, hapa London, mwisho wa reli ya Jubilee, tunabadili treni mara moja tu, pale Green Park, na kushuka South Kensington karibu na Makumbusho ya Historia ya Asili. Mwanafunzi wa Morogoro, mwenye mto nyuma ya chuo, anahitaji viza, nauli na barua ya mwaliko ili alinganishe mdudu wake na wa zamani. Picha za mtandaoni husaidia, lakini si kila kiungo hupigwa picha kutoka upande unaotakiwa.

Basi ewe unayeandika spishi mpya kutoka vijito vya Usambara, Elgon au Rwenzori: kishikajina kiweke Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na sampuli andamizi ndizo zipande ndege kwenda London.